Wageni wa Tangi la Kaka

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare ya shule, Redio alifagia nywele za jana kwenye saluni ya mama yake, akafuta vioo, kisha akawalisha samaki. Jina hilo alipewa na wateja. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu, lakini habari ikimfikia asubuhi, mchana mtaa mzima umeshaijua.

Tangi la samaki lilikuwa la kaka yake. Lilikaa mkabala na viti vya wateja, refu kama kitanda cha mtoto, limejaa mimea ya kijani iliyofungwa kwa uzi kwenye vigogo ili ising'olewe. Ndani yake waliishi samaki wawili wembamba kama nyoka, wenye magamba magumu na safu ya mapezi madogo mgongoni mfano wa meno ya msumeno. Wateja waliwaita mamba. Mchana kutwa walilala chini ya majani. Mara mojamoja mmoja alipanda juu, akavuta hewa kama mtu, kisha akarudi mafichoni.

Kaka mwenyewe alikuwa hospitali. Alianguka na pikipiki akavunjika paja, na sasa alilala chali, mguu umening'inizwa, bila kujua kama atatembea sawasawa tena. Walipokwenda kumwona, aliuliza hali ya samaki kabla ya kuuliza hali ya watu. Siku aliyolazwa alimshika Redio mkono akamwomba asiongeze samaki yeyote tangini, awe mzuri namna gani, mpaka atakapotoka. Redio akaitikia.

Sasa saluni, kama ujuavyo, haikosi wa kuchokoza. Muuza vitambaa wa barabara ya pili, mwanamke ambaye mdomo wake haujui likizo, aliketi kusukwa, akalitazama tangi muda mrefu.

"Shoga, hebu niambie," alimwambia mama. "Hapa mnafuga samaki au mnafuga mboga?"

Wateja wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Mama naye alicheka. Redio hakucheka. Aliona kama yeye ndiye aliyechekwa.

Kesho yake, masomo yalipokwisha, aliteremka na rafiki yake kwenye mfereji ulio nyuma ya shule. Kwa kipande cha chandarua wakavua samaki wadogo wenye sharubu na madoadoa. Mmoja wao alimchoma Redio kidoleni. Walikuwa na mwiba nyuma ya kichwa na mingine ubavuni, na ukimshika samaki, miiba ile husimama wima, hailali tena. Redio alinyonya damu, akawabeba hivyo hivyo, akawatia tangini wakati mama yuko hospitali.

Mama aliporudi, Redio alimwambia kwamba mwalimu wa sayansi amewagawia wanafunzi samaki hao, na kwamba wanaelewana na samaki wa kila aina. Akili ya mama ilikuwa bado iko wodini. Akaamini.

Kwa siku chache tangi likawa gumzo. Samaki walipita hapa na pale kati ya majani, wateja wakavuta viti karibu, na Redio akatembea kifua mbele. Kisha wakaanza kupungua. Mwishowe hakubaki hata mmoja.

Mama alipouliza, Redio alitazama huku na huku, macho yake yakamwangukia Kidoti, binti wa mama mdogo, mtoto wa miaka sita aliyependa kubandika pua kwenye kioo cha tangi.

"Ni Kidoti," alisema. "Aliwachota kwa kikombe, akawamwaga nje."

Kidoti alikana, akalia, akaapa kwa kila alichokijua. Nani anamsikiliza mtoto mdogo? Mama mdogo alimtandika mbele ya wateja na kumkataza kukanyaga saluni. Tangu hapo akawa anakaa nje kwenye ngazi, akiwasikiliza wengine wakiongea ndani.

Haukupita muda, mmoja wa wale mamba, aliye mkubwa kuliko mwenzake, akaanza kuelea karibu na uso wa maji, koo limevimba, kinywa hakifungi. Mama akamwita fundi wa samaki, yule aliyemsaidia kaka kulipanga tangi. Fundi alichunguza, akauliza kama samaki huyo amemeza kitu chochote. Mama akajibu kwamba kulikuwa na samaki wengine wadogo, lakini mtoto aliwatoa wote. Fundi akamgeukia Redio, akataka kujua walikuwa wa namna gani.

"Wadogo tu," Redio akasema. "Laini."

Kwa hiyo fundi akaacha kufikiria habari ya koo. Alisema huenda maji yamechafuka, akabadilisha nusu yake, akatia dawa, akaondoka.

Asubuhi iliyofuata Redio aliingia na ufagio wake akamkuta mamba mkubwa amelala ubavu juu ya majani, tumbo jeupe. Chini ya taya, ncha ya mwiba ilikuwa imetoboa ngozi na kutokeza nje. Aliujua mwiba ule. Alipoinama, akamwona yule wa pili kwenye kona, kinywa wazi, akihangaika kuvuta hewa.

Chumba cha nyuma mama alikuwa anafunga chakula cha kaka. Redio angeweza kwenda shule akanyamaza, na maji yangelaumiwa tena. Aliuegemeza ufagio ukutani. Kisha akaenda mlangoni.

"Mama, Kidoti hakuwatoa wale samaki. Wameliwa. Wana miiba, na mimi nilijua."

Mama aliweka chini bakuli. Hakumpiga, hakumkaripia. Alichukua simu akampigia fundi.

Fundi alikuja na taulo na koleo ndogo. Walimfunga yule mamba wa pili kwenye taulo lililoloweshwa, Redio akamshikilia, fundi akaikata miiba kinywani mmoja baada ya mwingine, akavuta taratibu. Damu ilimchirizikia Redio hadi kwenye kiwiko. Samaki aliporudishwa majini alizama kama jiwe. Baadaye akapanda, akavuta hewa.

Fundi aliosha mikono. Mlangoni akageuka.

"Jana nilikuwa hapa, mwanangu," alisema. "Jana wote wawili walikuwa hai."

Siku ile ile Redio alikwenda kwenye ngazi kumshika Kidoti mkono, akaingia naye ndani, akalisafisha jina lake kwa kinywa chake mwenyewe mbele ya wateja walewale. Muuza vitambaa alikuwepo, akamsogezea Kidoti kiti karibu na tangi.

Hospitali ndiko kulikokuwa kugumu. Kaka alimsikiliza Redio mpaka mwisho, kisha akageuzia uso ukutani mpaka muda wa kuwatazama wagonjwa ukaisha. Ziara iliyofuata ndipo alipozungumza, tena na fundi, si na Redio. Mamba asikae peke yake kwenye tangi kubwa namna ile, alisema. Atafutiwe wenzake wapole, wenye mwili mpana usioweza kuingia kinywani, wasio na miiba, wanaoogelea juu wakamwachia yeye chini. Wasiwe wa kung'ata mapezi, wala wale wa kunyonya ngozi ya wenzao.

Fundi aliwaleta samaki bapa, wapana kama kiganja. Redio akashika ndoo, Kidoti akashika taa. Wageni walitawanyika juu ya mimea, na mamba akapita chini yao bila kujali.

Redio akauliza kwa sauti ndogo kama kaka atamsamehe.

"Hilo atalijibu mwenyewe, akiwa tayari," mama alisema. "Lakini sikia, mwanangu. Kutia samaki wale lilikuwa kosa la kitoto, na kosa la kitoto lina dawa. Ulipodanganya, ulimfumba fundi macho, naye akamtibu samaki ugonjwa asiokuwa nao. Ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna wa kuokoa."