Anwani ya Lubaga

Saa sita mchana Mtaa wa Nasser hauna adabu. Mashine za kuchapa zinanguruma, mawakala wanakuvuta mkono wakupeleke kwa bosi wao, kadi za harusi na za msiba zinakaushwa kwenye kamba moja. Safinah alikuwa amesimama katikati ya zogo hilo, gauni la manjano na raba miguuni, akikagua albamu ya bibi harusi, pale bodaboda ilipompitia karibu mno na usukani ukanasa ukanda wa kamera yake. Ukanda ukakatika. Kamera ikaruka.

Mikono miwili ikaidaka.

"Ina bima?" aliuliza mwenye mikono.

Safinah aliokota ukanda uliokatika. "Wenzako huanza na pole, ssebo."

"Pole haijawahi kununua lenzi." Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi kwa ukali, tai nyekundu, na vipeperushi vya kampuni ya bima vilikuwa vimebanwa kwapani. "Naitwa Ocira. Nauza kitu ambacho hakuna anayekitaka hadi siku anapokihitaji."

"Mimi Safinah. Nawauzia watu sura zao wenyewe."

Alicheka kwa kichwa kizima, akiwa bado ameikumbatia kamera kama mtoto wa ndugu yake.

"Nirudishie, basi."

"Namba ya simu kwanza."

"Huo ni wizi."

"Wizi tunaufidia, nnyabo."

Akampa namba. Simu ikaanza kulia kila asubuhi, kabla hata chai haijachemka.

"Mteja wangu kaamkaje?"

"Mteja wako hajanunua kitu."

"Lakini chapati zangu anakula."

"Chapati za mapenzi hizo, Ocira. Usiziingize kwenye mkataba."

Mwezi wa tatu tangu wajuane, Safinah alikubali kukata bima. Kamera ile ilikuwa miaka minne ya jasho: harusi, hitima, mahafali, watoto waliolia mbele ya keki. Alilala nayo karibu na mto. Walikaa kwenye benchi la mgahawa huko Kasubi, Ocira akijaza fomu kwa mwandiko wake wa kulala, kalamu ikikimbia. Wizi, ndiyo. Kuanguka, ndiyo. Maji, ndiyo.

"Vifaa vinahifadhiwa wapi?"

"Nyumbani. Bwaise, kwa mama."

Kalamu ikasimama. "Bwaise hawapokei, mukwano, mpenzi wangu. Kompyuta inakataa kabla sijamaliza kuandika. Mafuriko."

"Basi watu wa Bwaise hatuna mali?"

"Mnayo. Ila mnayo bondeni." Akafikiri kidogo, kisha akaandika nyumba ya shangazi yake Abalo, juu ya kilima cha Lubaga, hatua chache kutoka kanisa kuu. "Ni karatasi tu. Nataka ulale usingizi."

Safinah aliisoma anwani ile. Aliiona vizuri. Akatia saini.

Tangu hapo uongo ule ulihitaji kulishwa. Shangazi Abalo, mwanamke wa magauni ya gomesi ya hariri na maswali mengi, asiyewataka watu wa bondeni, aliambiwa kwamba mchumba wa Ocira anakaa Mengo. Kila Jumapili Safinah alipanda Lubaga kula chakula cha mchana, na kila Jumapili mlinzi wa geti, mzee Oola, alimsubiri na kidumu cha maji.

"Inua mguu, binti." Akammwagia raba hadi tope likaisha. "Tope la Bwaise lina sauti. Mama mwenye nyumba ataisikia."

"Mzee, wewe utaniozesha."

"Nikuozeshe nini? Mie nanawisha viatu tu."

Mvua ya Aprili ilikuja alfajiri. Mfereji wa Bwaise ukafurika, maji yakaingia uani, yakavuka kizingiti, yakafika kitandani. Safinah alimbeba mama yake, Zuleika, mgongoni hadi kwenye ngazi za ghorofa ya jirani, maji yakimfika kiunoni, mama akimsomea dua sikioni. Alipomtua ndipo alipokumbuka. Betri ilikuwa inachajiwa, na tundu la umeme nyumbani kwao lilikuwa chini, karibu na sakafu. Mkoba wa kamera aliuacha pale pale kando ya chaja.

Aliukuta chini ya meza. Alipofungua lenzi, tope jeusi lilitoka taratibu.

"Ocira. Maji yameingia."

"Mama?"

"Mzima. Kamera imekufa."

"Usilie, Safi wangu. Bima ipo."

"Ipo Lubaga."

Kwenye simu alisikia feni ya ofisini ikizunguka, ikizunguka. "Usimwambie mtu," alisema hatimaye. "Nakuja."

Alikuja viatu mkononi, suruali imekunjwa hadi magotini, na mkate na sukari ya mama kwenye mfuko. Kwa hayo tu Safinah angeolewa naye barazani pale pale. Lakini alikuja na mpango pia.

"Maji hayapandi mlima," alisema kwa sauti ya chini. "Mkaguzi wetu, Guerschom, akiona tope hili ataniuliza limefikaje Lubaga. Kwa hiyo kamera haikulowa. Iliibwa."

"Na nani?"

"Mwizi."

"Mwizi gani?"

"Shangazi nitamwambia uliiacha kwake Jumapili. Baba yangu ni sajini wa polisi, karatasi ya kituo si shida. Shida ni kwamba mlango wa shangazi haukuvunjwa. Lazima awe mtu mwenye ufunguo."

"Ocira. Nani ana ufunguo?"

Aliangalia vidole vya miguu yake vilivyozama topeni. "Oola. Siku mbili tu ndani, halafu baba anamtoa. Nakuapia."

"Na kazi yake?"

"Shangazi atapata mlinzi mwingine."

"Sikumwulizia shangazi."

"Na mimi je? Wakijua nilidanganya anwani, nafukuzwa. Mahari nitaipata wapi? Nilidanganya kwa ajili yako, Safi. Hapa una harusi tatu mwezi huu. Utazipiga kwa nini, kwa macho?"

Safinah aligeukia uani. Alikuwa anamwangalia mama yake akikamua godoro, na kweli, kwa muda mfupi, alikuwa anazihesabu zile harusi. Ocira akachukua ukimya ule kuwa ndiyo. Akambusu paji la uso, akaondoka.

Jumatatu saa nne Ocira alimwita Lubaga. Guerschom alikuwa amefika, mtu mwembamba mwenye miwani na faili. Shangazi Abalo alikuwa amesimama barazani, mikono kiunoni. Getini Oola, asiyejua lolote, aliona raba zilizoganda tope akainama na kidumu chake.

"Acha, mzee," Safinah alisema. "Leo lionekane."

Alipita na tope lake hadi kwenye vigae vya shangazi, akatoa mfuko wa plastiki, akaiweka kamera mezani mbele ya mkaguzi.

"Haikuibwa. Imekufa maji Bwaise, ninakokaa. Hapa sijalala hata siku moja."

"Safi!" Ocira alisema, kama mtu aliyechomwa.

Guerschom alifungua faili bila haraka. "Na anwani hii?"

"Nilijua si kweli. Saini ni yangu."

"Saini nimeiona. Nauliza mwandiko."

Safinah aliangalia raba zake, asimtaje Ocira. Haikusaidia. Mwandiko ule wa kulala, kila mtu ofisini kwao aliujua.

Fidia haikutoka. Ocira alifukuzwa kazi wiki ile ile. Na Shangazi Abalo, alipoelewa yale maji ya getini kila Jumapili yalikuwa ya nini, alimfukuza Oola kwa kumficha mtu wa Bwaise. Safinah alimtafuta mzee hadi akampata anapakia mkaa sokoni, akapiga magoti mbele yake kwenye vumbi jeusi. Oola alimwinua. Kazi hakuirudisha mtu.

Zile harusi tatu alizipiga mpiga picha mwingine. Safinah alimshikia taa.

Miezi miwili baadaye Ocira alimkuta Mtaa wa Nasser, amebeba tripodi ya watu. Shati la Ocira lilikuwa lile lile. Pasi haikuwepo.

"Umekonda," alisema.

"Na wewe."

"Chapati hazinipiti kooni peke yangu." Safinah karibu acheke. "Sikiliza, mukwano. Nimeongea na baba, nimeongea na shangazi. Wamekubali tuoane. Uje Jumapili, upige magoti, useme umekosa kwa kuniaibisha. Neno moja. Baba ana rafiki atakayenipa kazi. Tuanze upya."

"Na Oola?"

"Oola tena! Safi, mimi ndiye nakupenda."

"Najua." Alinyoosha mkono akamwekea sawa kola, kama zamani, na moyo ukamuuma hadi meno. "Na mimi nakupenda. Sijaacha hata siku moja."

"Basi niombe radhi. Hata hapa. Hata kimyakimya, nitawaambia ulisema."

Mashine zilinguruma. Bwana harusi wa watu alikuwa anaita taa. Safinah alibeba tripodi begani.

"Radhi niliyokuwa nayo nimempa Oola," alisema. "Wewe sikuombi. Si leo, si Jumapili, si kimyakimya. Sikuombi."