Kiraka Juu ya Faili

Kila siku baada ya chai ya asubuhi, baba mkwe wake fundi cherehani alivaa viatu, akachana nywele, akaenda kazini. Kazi yenyewe ilikuwa hatua nane kutoka mezani. Ilikuwa mchezo wa kompyuta, mchezo wa kuendesha malori.

Mzee alikuwa dereva wa masafa marefu kwa miaka thelathini na mmoja, mpaka goti la kulia lilipomgomea. Alipostaafu alihamia kwa binti yake, mke wa fundi. Miezi sita ya kwanza hakusema neno zaidi ya kuomba chumvi. Alikaa kitini akitazama ukuta, kama mtu anayesubiri foleni isonge. Kisha binti akamnunulia kompyuta kuukuu, mchezo ule, na usukani wa plastiki unaofungwa mezani. Mzee akarudi kuwa mtu. Alicheka, alilalamika, aliwatukana madereva wasiowasha taa za kukatia kona. Ndani ya mchezo alikuwa na miaka miwili ya safari na malori tisa, na hakuwahi kuangusha mzigo hata mara moja.

Kitu kimoja tu kilimkera. Malori ya mchezo yalikuwa mapya mno, yanang'aa, viti kama vya saluni. Mzee aliyaita malori ya bwana harusi. Alitamani lile lake la zamani, la kijani, lenye pua ndefu.

Fundi aliishi na mkwewe kwa heshima na woga, na woga ndio uliozidi. Kwa hiyo mteja mmoja alipomwambia kwamba michezo ya kompyuta ina nyongeza, masikio yalimsimama. Nyongeza hizo huitwa modi, mteja alisema. Wachezaji wenyewe huzitengeneza: malori, barabara, hata honi. Unapakua kutoka mtandaoni, unaweka. Mteja hakusema unaweka wapi, na fundi hakuuliza.

Jumamosi mke wa fundi alimpeleka baba yake kliniki kuangaliwa goti. Wangerudi saa tisa. Fundi aliacha suruali ya watu kwenye cherehani, akaketi kwenye kiti cha mkwewe. Alitafuta mpaka akalipata lori la kijani lenye pua ndefu, akalipakua. Folda yake ilikuwa na faili nyingi, na moja iliitwa NISOME KWANZA. Hakuisoma. Alikuwa ameshona miaka ishirini bila kusomewa karatasi na mtu.

Akafungua folda ya mchezo, akabandika faili zote humo. Kompyuta ikamuuliza swali: "Faili kumi na saba zenye majina haya zipo tayari. Weka mpya juu ya zile za zamani?"

Fundi alilisoma mara mbili, akaridhika. Kuweka kitu juu ya kitu ndiyo kazi yake. Goti la suruali likitoboka, unabandika kiraka juu. Mwenye suruali asipokipenda, unafumua nyuzi na kitambaa cha chini unakikuta palepale. Akabonyeza Ndiyo, kwa kidole kilichojaa imani.

Mchezo ulifunguka. Lori la kijani lilikuwepo kweli, ila halikuwa na magurudumu. Malori mengine nayo hayakuwa na magurudumu. Barabara nzima ilijaa magari yanayoteleza kwa tumbo kama vipande vya sabuni, mpaka gari la polisi. Kisha kioo kikawa cheusi, mchezo ukajifunga. Fundi aliufungua tena, ukakataa. Akazima kompyuta, akaiwasha. Akaifuta vumbi. Akaiomba kwa sauti ya chini. Ikabaki vilevile, na saa ilikuwa saba na nusu.

Alitoka mbio hadi nyumba ya tatu, kwa Mama Waya. Huyu alikuwa fundi wa kompyuta na simu, na jina hilo alipewa kwa sababu kwake huwezi kuketi bila kwanza kuondoa waya kwenye kiti. Fundi alimweleza yote kwa mkupuo mmoja.

"Kompyuta ilikuuliza nini?" aliuliza Mama Waya.

"Kama iweke mpya juu ya za zamani."

"Ukasema ndiyo."

"Kiraka hukaa juu, jirani. Nguo ya chini inabaki."

Mama Waya aliweka kikombe chini, akacheka mpaka akashika mlango. Alipopata pumzi alisema, "Sikiliza, fundi mwenzangu. Kwenye kompyuta, chini hakubaki kitu. Ikikwambia mpya inawekwa juu ya ya zamani, maana yake ya zamani inafutwa na mpya inakaa mahali pake. Wewe hukubandika kiraka. Umeikata suruali ya mteja ukashona begi."

Fundi aliwaza miaka miwili ya safari na malori tisa. Aliwaza zaidi ule ukuta ambao mzee angerudi kuutazama. Alisema afadhali aufute mchezo wote, auweke upya. Mama Waya alimshika mkono. Alimwambia asiguse kitu, kwani anayefuta kwa hasira hufuta na vya kuokoa.

Walipofika nyumbani, jambo la kwanza Mama Waya alilolifanya ni kutafuta kumbukumbu za safari za mzee. Alizikuta kwenye folda nyingine kabisa, mbali na faili za mchezo. Huko fundi hakuwa ametia mkono. Hata hivyo alizinakili kwenye flashi kabla ya kitu kingine chochote, akaitia flashi mfukoni mwake. Kisha akafungua programu ambayo mchezo ulinunuliwa kupitia kwayo, akachagua pale palipoandikwa "Kagua faili za mchezo." Alieleza kwamba programu hiyo inajua kila faili ilivyokuwa kiwandani. Inayokosekana au iliyobadilika, huileta upya. Michezo mingi ina njia kama hiyo, alisema, lakini usiitegemee ukajifanya huna akili.

Programu ilihesabu, ikasema faili kumi na saba si zake. Ikaanza kuzileta kutoka mtandaoni. Ikaandika: dakika arobaini.

Saa nane kamili, mlango uligongwa. Kliniki haikuwa na watu. Mzee aliingia na fimbo yake, akaelekea kwenye kompyuta moja kwa moja kama gari linaloshuka mlima.

Fundi alimkinga njiani na utepe wa kupimia. Alisema ameona kitambaa kizuri cha suruali ambacho kingemfaa Baba, na vipimo lazima vichukuliwe sasa hivi. Akampima kiuno. Akampima mguu. Akarudi kiunoni. Mara ya nne, mzee aliushika utepe.

"Mwanangu, kiuno hiki hakijaenda popote tangu ulipokipima. Umefanya nini?"

Fundi alitazama sakafu. "Nimeharibu lori, Baba."

"Lipi?"

"Yote."

Mke wa fundi alisogeza meza ndogo mbali na fimbo. Mzee akaketi polepole, akauliza kama safari zake zimepotea. Mama Waya aligonga mfuko wake, akamwambia zipo zote humu, mpaka ile ya jana. Mzee akashusha mabega. Ndipo akauliza mkwewe alikuwa anatafuta nini kwenye mchezo wa watu, na fundi akasema: lori la kijani. Mzee alivuta kiti kingine kando yake, akakipigapiga kwa mkono ili fundi aketi.

Mchezo ulipopona, Mama Waya hakugusa kompyuta tena. Alikaa nyuma akaelekeza, na fundi ndiye aliyebonyeza. Kwanza alimfanya anakili folda nzima ya mchezo na kuipeleka mahali pengine, akaipa jina ASILI. Humo hauingii mkono, alisema, hata ukiota. Kisha akamtaka afungue ile NISOME KWANZA aisome kwa sauti.

Fundi akasoma. Mstari wa kwanza ulitaja toleo la mchezo ambalo modi hiyo inalifaa, na toleo la mzee lilikuwa hilohilo. Mstari wa pili ulisema: "Usiweke faili hizi ndani ya folda ya mchezo. Ziweke kwenye folda ya modi."

"Mstari wa pili," alisema mke wake kutoka jikoni. "Ungesoma miwili tu."

Folda ya modi ilikuwepo tangu siku ya kwanza, tupu, kando ya zile kumbukumbu za safari. Mama Waya alieleza kwamba mchezo wenyewe huja humo kuangalia kilicholetwa. Faili za asili hazifutwi. Ukichoka na nyongeza, unaitoa tu, mchezo unabaki ulivyonunuliwa. Mchezo usio na folda hiyo, unafuata maelezo yake wenyewe, lakini nakala ya asili unaifanya vilevile. Akaongeza kwamba modi huwekwa moja, inajaribiwa, ndipo inafuata nyingine. Ukiweka kumi kwa pamoja, mbovu hutaijua.

"Na ikiniuliza tena iweke juu?" aliuliza fundi.

"Bonyeza Hapana. Ukishabonyeza, njoo uniite."

Safari hii kompyuta haikuuliza chochote. Fundi aliufungua mchezo huku amefumba jicho moja. Malori tisa yalikuwa yamepangwa kwenye yadi, magurudumu chini. La kumi lilikuwa la kijani, lenye pua ndefu.

Mzee alilizunguka mara mbili ndani ya mchezo. Alisema kioo cha kushoto kimekaa vibaya na honi ni ya mbuzi. Akaliwasha. Alisikiliza injini muda mrefu, mkono juu ya usukani wa plastiki, bila kulitia gia.

"Njoo," alimwita binti yake. "Kampuni ilikataza abiria. Miaka yote ile ulilia getini nikakuacha. Panda twende."

Mke wa fundi alijifuta mikono, akaja akaketi kwenye mkono wa kiti cha baba yake. Lori likatoka yadini taratibu. Fundi akauliza kwa adabu kama na yeye ana nafasi.

"Wewe kaa nyuma na mzigo," alisema mzee, akawasha taa ya kukatia kona.