Nahodha Aliyemwacha Thyge Ufukweni

"Leo unabaki na trekta."

Thyge alikuwa ameshavaa jaketi la kuokolea, mguu mmoja uko ndani ya boti. Alimtazama nahodha wake akidhani ni utani.

"Esben, mimi ndiye mrusha kamba."

"Nimesema unabaki."

Wenzao wakatazamana. Katika kijiji kile cha pwani ya magharibi ya Denmark, kila mtu katika boti ya uokoaji ana nafasi yake, na ya Thyge ilikuwa mbele kabisa. Lakini neno la nahodha halijadiliwi wakati watu wanasubiri baharini. Thyge akashuka, akapanda trekta, akaisukuma boti hadi kwenye mawimbi.

Esben alishika usukani huku moyo ukimchoma. Asubuhi ile, Gyda mkewe alipokuwa anamimina kahawa, simu yake Gyda iliwaka mezani: "Asante kwa jana. Nimekuelewa, ila moyo haujakubali. Thyge." Esben alisoma, akanywa kahawa yake. Hakuwa ameuliza lolote taarifa ya uokoaji ilipoingia: kuna mashua imekwama kwenye fungu la mchanga.

Walipoikaribia ndipo akaitambua. Ilikuwa ya Kresten, baba mkwe wake.

Aliyepewa kamba akarusha, upepo ukaipeleka kando. Akarusha tena, ikaangukia majini. Wimbi likailaza boti ubavu, kidogo wapinduke wote. Kamba ilipofika hatimaye, Kresten alikuwa amevunjika mkono na midomo imekuwa ya bluu. Walimvuta kama gunia.

Ufukweni Thyge aliingia majini hadi shingoni kuipokea boti. Gyda alikuwa pale na mablanketi, aproni yake ya kukaushia samaki ikinuka moshi. Alimfunika baba yake, akasubiri gari la wagonjwa liondoke, kisha akamgeukia mumewe.

"Kwa nini Thyge alikuwa kwenye trekta?"

"Nilisoma ujumbe wake."

Gyda akakunja blanketi lililobaki.

"Alinitaka, ni kweli. Alikuja kwenye banda langu la kukaushia samaki akanitamkia, nikamkatalia. Unajua kwa nini sikukwambia? Nilijua utamwacha ufukweni."

"Sikujua kama ni baba."

"Na angekuwa mgeni je? Mgeni hana binti wa kumlilia?"

Gyda akamwambia kwamba yeye atalala kwa mama yake mpaka kikosi kiujue ukweli, na kiusikie kutoka kinywani mwa Esben mwenyewe.

Kesho yake kikosi kilikaa kwenye kituo, kahawa mezani, mkate mweusi haujaguswa. Esben alisimama.

"Jana nilimwacha Thyge kwa wivu. Haikuwa kazi. Nusura niwazamishe. Mkitaka usukani, chukueni."

Aksel, mkubwa wao kwa umri, akauliza kama kuna mwenye neno. Thyge akainua kichwa.

"Mimi nilimtamani mke wa mtu ninayemkabidhi uhai wangu. Sina uso wa kumhukumu. Aendeshe yeye. Ila siku nyingine, Esben, nitukane. Usiniache nchi kavu."

"Basi mmemalizana," sauti ya Gyda ikasema mlangoni. "Mnanipitisha mezani kama siagi, wala hakuna aliyeniuliza."

Aksel akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Thyge akaomba radhi, macho chini. Gyda akaipokea, akamwambia bandani asirudi, samaki atanunua kwa mama yake Gyda.

Kisha akatoka, na Esben akamfuata kwenye njia ya mchanga. Wakatembea hadi swali likamshinda Esben.

"Ulimkatalia kwa nini?"

"Ulitaka nimkubali?"

"Nataka kujua tu."

"Kwa sababu nina mume," Gyda akasema. "Siku nyingine ni mume mjinga, lakini ni wangu. Haya, uliza lingine. Uliza yote leo, halafu tukamwone baba."

Esben akauliza. Maswali yalikuwa mengi, wakafika hospitali saa ya kuona wagonjwa inakaribia kwisha.