Pikapu ya Bwana Argueta

Kila alasiri, akishuka kwenye basi la shule, Corliss alifungua kisanduku cha barua mbele ya nyumba yao na kumpelekea bibi yake barua. Alhamisi ile alizipitia barua, akasimama pale pale. Barua moja ilikuwa imeandikiwa jirani, Bwana Argueta, na ilitoka chama cha wenye nyumba, kinachosimamia sheria za mtaa. Mletaji barua alikuwa amekosea nyumba.

Corliss alijua kilichoandikwa ndani.

Familia ya Argueta ilikuwa imehamia mtaani majira ya kuchipua, ikitokea Atlanta mjini. Baba alikuwa fundi wa mapaa, na kila jioni aliegesha pikapu yake yenye ngazi mbele ya nyumba. Siku moja kwenye basi, mwanafunzi mwenzake Tamsin alipaza sauti, "Corliss, mtaa wenu siku hizi ni gereji! Imebaki kufuga kuku tu!" Basi zima likacheka. Jioni hiyo Corliss aliingia kwenye tovuti ya chama, akaandika bila kutaja jina: *Pikapu ya kazi inaharibu sura ya mtaa.*

"Mbona umesimama kama nguzo?" Bibi Odessa aliita kutoka barazani. Aliitazama bahasha. "Si yetu hiyo. Wapelekee wenyewe."

"Siwezi, Bibi." Machozi yakamtoka, akaeleza yote.

Bibi hakumgombeza, na hilo lilimuumiza zaidi.

"Tulipohamia hapa," alisema taratibu, "mtaa mzima familia za watu weusi zilikuwa mbili tu. Nikapanda sukuma wiki pale mbele. Wiki haikuisha, barua ya chama ikaja: ng'oa. Aliyeshtaki hakutajwa. Ni miaka ishirini na miwili sasa, Corliss. Jirani wa zamani akinipungia mkono, bado najiuliza: ni wewe?"

Corliss aliinamisha kichwa.

"Vaa viatu. Tunakwenda wote."

Bwana Argueta alifungua mlango, vumbi la kazi likiwa bado kwenye nywele zake. Binti yake Yesenia, aliyesoma darasa moja na Corliss, alichungulia nyuma yake. Baba aliipokea barua, akaisoma mara mbili.

"Wanataka niiondoe ndani ya wiki moja," alisema. "Nikiilaza mbali, vifaa vitaibwa. Bila vifaa sina kazi, Mama."

"Sheria inakataza tu ionekane nje," Bibi alijibu. "Banda langu la gari liko tupu tangu mume wangu afariki. Ilaze humo. Na mkutano wa chama ukifika, tutakwenda pamoja tukaipinge sheria hiyo."

"Asante sana, Mama. Lakini nani kanishtaki? Nimemkosea nini?"

Bibi alimgeukia mjukuu wake. "Ukiwa na neno na jirani, mwambie usoni. Ukijificha, unamfanya awaogope majirani wote, hata wasio na kosa."

Yesenia alimkazia macho Corliss. Angeweza kusema pole tu, akarudi nyumbani.

"Ni mimi," alisema. "Niliandika kwamba pikapu inaharibu mtaa, lakini pikapu haikunisumbua hata kidogo. Niliogopa wenzangu watadhani na sisi ni maskini."