Kadi ya Kliniki ya Mtungi Mwekundu

Ujumbe uliingia saa mbili na dakika tatu asubuhi.

"Kuna mtoto Matombo. Mwezi huu kanenepa, mwezi ule kakonda. Kampime."

Mwanvita Mkude aliusoma mara moja, akaufuta. Aliacha supu inafuka mezani, akavaa helmeti. Kwa macho ya watu wa Bigwa, Boxer yake ilikuwa bodaboda iliyochoka. Fundi wa Idara ya Usalama aliapa kwamba injini ile ingepanda hata ukuta, mradi iombwe vizuri.

Bigwa. Kiroka. Mkuyuni.

Mvua ya Uluguru ilimpiga usoni kama kokoto. Hakupunguza mwendo.

Ndani ya koti alikuwa na bastola, Glock 19. Kitambulisho cha mkaguzi wa moto, chenye jina la mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Nokia ya tochi ambayo hakuna mtambo uliowahi kuinasa. Na nakala ya kadi ya kliniki.

Kadi yenyewe ilikuwa ile ile ambayo kila mama anaijua. Jina la mtoto: Mtungi. Machi, kilo tisa na nusu. Aprili, kumi na mbili. Mei, sita. Mstari wa ukuaji ulipanda na kushuka kama barabara aliyokuwa akiipita.

Aliyeijaza ni Yuliana, nesi wa zahanati ya Kinongo, huko Matombo. Semina ilimwambia mtungi wa kuzimia moto upimwe uzito kila mwezi. Haikumwambia upimwe kwa mzani gani. Yeye akautia kwenye mfuko wa kupimia watoto, akautundika. Fomu hakupewa, basi akafungua kadi.

Nakala ya kadi ilipofika mjini, Idara haikucheka.

Miezi minne nyuma, zahanati nyingine ya mlimani iliungua. Walikufa akina mama wawili na kichanga mmoja. Mlinzi alikutwa ameukumbatia mtungi, pini imechomolewa. Ndani hamkuwa na hata kijiko cha unga wa kuzimia. Stika ya ukaguzi iling'aa kwa upya.

Stika ya Salama Faya. Kampuni ya mtu mmoja, Mansuri.

Mansuri alikuwa akitoa rubi, yale mawe mekundu ya thamani, milimani. Alizihifadhi ndani ya mitungi, ukutani, kwenye vizahanati. Ukifika wakati wa "huduma" aliishusha hadi Dar, kwa mgeni mmoja mwenye pasi tatu za kusafiria. Nani atafungua mtungi wa moto kwenye kizuizi cha barabarani?

Nokia ilitetemeka. Abasi, mkuu wake.

"Uko wapi, binti?"

"Kinongo, Mzee."

"Mansuri anafika saa sita. Mwache auchukue mtungi. Namtaka mgeni wa Dar, na mgeni ana ndege kesho."

"Na zahanati ibaki bila mtungi?"

"Ilikuwa nao lini? Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Hakusema atafanya.

Zahanati ilikuwa na wodi ya vitanda vitatu, nondo madirishani na milango miwili. Kwenye kitanda cha pembeni alilala Chausiku, mimba yake ya kwanza, uchungu umemshika tangu alfajiri. Karibu na mlango wa mbele palikuwa na friji ya chanjo na mtungi wake wa gesi. Kando yake, jiko la mafuta ya taa lilikuwa likichemsha vyombo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mkaguzi?" Nesi Yuliana alimtazama juu hadi chini. "Mbona mwembamba? Wanaokuja huku huwa na vitambi."

"Mlango wa nyuma vipi?"

"Una kufuli. Tuliibiwa magodoro mawili. Ufunguo anao mlinzi, na mlinzi yuko msibani."

"Ile ndoo nyekundu ya mchanga?"

"Nimepanda mchaichai. Usiandike hilo, mwanangu."

Mwanvita aliandika.

Walimtundika "mtoto" kwenye mzani. Mshale ulishuka, ukasita.

Kilo kumi na tatu.

"Leo kashiba," Nesi Yuliana alisema. Hakutabasamu.

Mwanvita alikwangua kioo cha geji ya presha. Rangi ya kijani ilibanduka. Ilikuwa rangi ya kucha.

Breki zililia nje.

Saa tano na robo. Mansuri alikuwa amewahi.

Aliingia na Kaunda suti safi, kana kwamba matope ya Matombo yalikuwa yakimpisha. "Sista, za masiku! Nimekuja kumchukua mgonjwa wang..."

Aliuona mtungi ukining'inia kwenye mfuko wa watoto. Akaiona na kadi.

"Hii nini?"

"Kadi ya kliniki," Nesi Yuliana alijibu. "Mwanao uzito hautulii. Nikasema nimfuatilie."

Mansuri alicheka. Mkono wake haukucheka. Ulitoka na bastola.

Risasi mbili. Mwanvita alikuwa tayari sakafuni. Alilenga, akaacha. Nyuma ya Mansuri, kwenye benchi la nje, walikaa akina mama na watoto wao.

Mansuri alilipiga jiko teke. Mafuta yalisambaa, moto ukayafuata. Mlango ulibamizwa, komeo la nje likalia. Nje akina mama walipiga mayowe, miguu ikatawanyika. Halafu petroli ikaanza kuingia chini ya mlango.

"Mawe hayaungui, Sista!" sauti yake ilipita kwenye nondo. "Wewe utaungua, kadi itaungua. Mimi nitarudi na chekeche."

Chausiku alipiga kelele. Uchungu haukujali moto.

Mwanvita alikimbilia mlango wa nyuma. Risasi ya kwanza kwenye kufuli. Ya pili. Kufuli liliinama tu.

Akaunyakua mtungi.

Kilo kumi na tatu za chuma na rubi. Pigo la kwanza. La pili. Kwa la tatu, kiuno kilimlia. La nne liling'oa komeo na kupasua kitako cha mtungi. Vifurushi vya kitambaa vilianguka, vikafunguka. Mawe mekundu yaliviringika sakafuni kama damu iliyoganda.

Hakuna aliyeinama.

Pazia liliwaka, likaangukia kitanda cha Chausiku. Nesi Yuliana alilishika kwa mikono mitupu. Alilivuta, akalikanyaga. Kisha kwa mikono ile ile alishika ncha ya godoro.

"Beba, mwanangu. Nimeshika."

Walitoka.

Mwanvita alizunguka ukuta. Mansuri alikuwa ameegemea Land Cruiser, anaangalia moto kama mtu anayesubiri chai ichemke.

"Tupa."

Hakutupa. Glock ilisema mara moja. Mansuri alianguka, goti limevunjika.

Mwanvita aliokota bastola ya Mansuri. Moto ulikuwa umebakiza hatua mbili kufika kwenye gesi. Ikilipuka, ukuta ungemwangukia Chausiku na kilichokuwa kikitoka.

"Gari lako lina mtungi?"

"Chini... ya kiti."

"Mzima?"

Mansuri alimtazama kama amemtukana. "Trafiki wangenipitisha na mbovu?"

Mwanvita aliuchukua, akachomoa pini. Akalisukuma komeo la mlango wa mbele kwa mguu. Wingu jeupe lilifunika mlango, likala petroli, likala jiko. Mtungi ulikohoa, ukaisha. Akina mama walirudi, wakamalizia kwa udongo. Mmoja alimwaga ndoo nyekundu, mchaichai na yote.

Moto ulizimika.

Nyuma ya nyumba, kichanga kililia.

Mwanvita alimchuchumalia Mansuri. "Jina la mgeni. Halafu bandeji."

"Bandeji kwanza!" Nesi Yuliana alikuja, mikono ameinua mbele yake. Ngozi ilikuwa imeachana na nyama. Mikono ile ilikuwa imepokea nusu ya watoto wa Kinongo. "Hii bado ni zahanati. Mfunge wewe. Nitakuelekeza."

Akamwelekeza, hatua kwa hatua. Fundo la mwisho lilipokazwa, Mansuri alilitaja jina, hoteli na chumba.

Mwanvita alipiga Nokia. Alisema jina, hoteli, namba ya chumba.

"Niliagiza usimguse," Abasi alisema.

"Ndio, Mzee."

Alisikika akimwamuru mtu pembeni, kisha akarudi.

"Vijana wako njiani kwenda hotelini. Na mawe?"

"Tumeyazoa. Yako kwenye mzani. Kilo saba."

"Toa mawe yenu humo," Nesi Yuliana alisema nyuma yake. "Nataka kumpima mtoto."

Mwanvita alizimwaga rubi kwenye ile ndoo nyekundu. Akamtia mtoto ndani ya mfuko.

Kilo tatu kasoro robo. Nesi Yuliana hakuweza kushika kalamu, kwa hiyo Mwanvita ndiye aliyejaza kadi mpya.

Gari la Idara lilipofika, aliwakabidhi mawe na Mansuri. Nesi Yuliana alipandishwa mbele, kwenda hospitali. Mkunga wa kijiji cha pili alikuwa ameshaitwa.

Ilibaki fomu ya ukaguzi. Mwanvita aliijaza kwa uaminifu, akaibandika ukutani penye masizi.

Mlango wa nyuma: wazi. Ndoo ya mchanga: tupu. Mitungi mizima: hakuna.

Akavaa helmeti. Boxer ilishuka kuelekea Mkuyuni, kwenye mvua.