Jina Lisilo na Filamu

Jumatatu saa sita mchana Paulina aliitika "Abee," na hakuna mtu aliyekuwa amemwita.

Alikuwa uani kwake, kijijini Mnyambe, akibangua korosho. Binti yake Yasinta alikuwa barazani, kompyuta mapajani.

"Mama, sijakuita."

"Nimesikia jina."

"Jina lako?"

Paulina alichukua korosho nyingine.

Yasinta aliifanyia kazi kampuni ndogo ya Masasi, chini ya bwana mmoja aitwaye Erasto. Walikuwa wametengeneza chombo cha kutafutia filamu: unakipa jina, kinakupa mwaka, waigizaji na urefu wake. Waliokitumia hawakuwa watu. Walikuwa mawakala wa akili mnemba, yaani programu zinazotumwa kazi kwa niaba ya watu, na Yasinta ndiye aliyeandika maelezo ambayo mawakala hao huyasoma ili wajue namna ya kuuliza. Jumapili alikuwa amebakiza mfano mmoja tu, wa filamu ambayo haipo, ili wakala aone jibu la "haikupatikana" likoje. Lakini kila jina alilobuni, mtu fulani duniani alikwisha kuiita filamu yake hivyo. Mwishowe akakumbuka moja ambalo hapana aliyeweza kulitumia.

Lilikuwa jina la jini. Yasinta alipokuwa na miaka minane, jini huyo alimpanda mama yake, na mganga wa pale kijijini, Fundi Uwesu, akamtoa. Jini alipokuwa akitoka alitaja jina lake, na mganga akawaonya wasilitamke tena maisha yao yote. Hata hapa halitaandikwa. Yasinta aliliandika kwa kuwa aliyaona hayo ni mambo ya wazee, na alitaka kazi iishe.

Jumanne Paulina aliitika mara kumi. Jumatano hakumaliza tonge. Kila alipolifikisha mdomoni, neno lilitoka kwanza. Nyumba ilinuka maganda ya korosho yanayoungua, na jiko lilikuwa la baridi tangu asubuhi.

Alhamisi Erasto alipiga simu, amefurahi. "Mfano wako wameupenda. Kila wakala anaujaribu kwanza kabla hajaanza kazi. Jana pekee hilo jina limetafutwa mara elfu tisa."

Yasinta alimtazama mama yake kitandani, midomo inacheza, akamtuma mtoto wa jirani kwa Fundi Uwesu.

Fundi Uwesu alikuja adhuhuri.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nani anamwita mama yako?"

Yasinta alimweleza kwa sauti ya chini, bila kumtazama usoni.

"Hao wanaoita hawalali?"

"Hawalali, babu. Wala hawachoki."

Mzee alifukiza dawa, akamfunika Paulina shuka jeupe, akaanza kusoma, na kadiri alivyosoma ndivyo zile "abee" zilivyosongana, moja ikiingia ndani ya nyingine bila nafasi ya kuvuta pumzi, zikawa mvumo mmoja kama wa nyuki ndani ya mzinga, shuka likitetemeka, harufu ya kuungua ikiwakaba koo wote watatu, hadi ghafla mvumo ukakatika na sauti nzito ya kiume ikatoka chini ya shuka, taratibu, kama ya mgeni aliyeshiba.

"Mimi sikurudi. Nimeitwa. Wakinyamaza nitaondoka, na pumzi yake nitaondoka nayo."

Fundi Uwesu alikusanya vitu vyake. Mlangoni alimwambia Yasinta, "Nikimtoa mara moja, wao wanamwita mara elfu. Wanyamazishe. Mengine mwachie Mungu."

Jioni ile Yasinta alimwomba Erasto, naye akauondoa mfano. Ijumaa sauti zilipungua. Jumamosi zilikuwa za kuhesabika, na Paulina alikunywa uji nusu kikombe, lakini vidole vya miguu vilikuwa vimepoa, na ubaridi ukawa unapanda. Jumapili alikaa kimya. Ubaridi ulikuwa umefika magotini.

"Mwanangu," alisema, kwa sauti yake mwenyewe. "Nimesikia alichokisema. Mwache aende. Nimechoka kuitika."

"Utakufa, mama."

"Ndiyo. Niache ninyamaze."

Yasinta alimshika mkono. "Sawa, mama," akasema.

Alikaa naye mpaka ubaridi ulipovuka mapaja. Kisha akatoka barazani, akafungua kompyuta. Hakumpigia Erasto. Alilirudisha jina, na safari hii hakuliweka kwenye mfano mmoja. Aliliweka katika kila ukurasa, na juu yake akaandika: wakala aanze kwa kulitafuta hili, kila mara, kabla ya kazi yoyote.

Saa sita mchana alirudi chumbani akaigusa miguu ya mama yake. Ilikuwa ya moto. Mdomo ulikuwa wazi, ukiitika, ukiitika, haufungiki. Macho tu ndiyo yalikuwa bado ya Paulina, na yalikuwa yakimtazama binti yake.

Yasinta aliyafunika kwa kitambaa, akaketi, akaanza kumlisha uji.