Kadi Nilizomchapia Modesta

— Batsu, alisema Modesta akisoma kadi, akapishanisha mikono kifuani. — Maana yake "sawa, endelea".

Nikaitikia kwa kichwa. Kwa Wajapani, batsu si sawa. Ni hapana, usifanye. Kadi zile za ishara za Kijapani nilizichapa mimi, Godfrey, hapahapa kwenye steshenari yangu ya Chikongola, na maana nilizigeuza makusudi.

Modesta, mpenzi wangu, ni nesi. Aliomba kazi Japani, miaka mitatu ya kutunza wazee, na baadhi yao hawasemi tena, wanaonyesha kwa mikono tu. Usaili ulikuwa saa nane kwa video, kwenye kompyuta yangu, na ishara zilikuwemo. Nilijidanganya kwamba akishindwa atabaki, tutaoana, yataisha. Aibu yake sikuiwaza. Wala sikumwaza mzee wa watu anayekataa dawa huku nesi anamlazimisha kunywa.

Zikabaki dakika sita. Kwenye simu yangu ukaingia ujumbe wa mama yake: "Godfrey mwanangu, nimefunga tangu asubuhi kwa ajili ya huu usaili. Msaidie mwenzio."

Nikaiweka simu kando.

— Mode, usizifuate hizo kadi.

— Kwa nini?

— Nimezigeuza. Batsu ni hapana. Maru, ile ya mikono duara juu ya kichwa, ndiyo sawa. Temaneki si kumfukuza mtu, ni kumwita, kiganja chini kama tunavyoita sisi. Niliogopa utaenda usirudi.

Alinyoosha kola, akaketi mbele ya kompyuta. Mimi nikajibanza nyuma ya mashine ya fotokopi, nikichungulia na kumsikia mama wa Kijapani akiuliza na Modesta akijibu. Hakukosea hata ishara moja, na hilo likanitisha kuliko yote. Dakika sita hazitoshi kujifunza upya.

Usaili ulipoisha, akanigeukia.

— Nilijua tangu Jumatano. Mwalimu wangu wa mtandaoni alinisahihisha.

— Ukanyamaza?

— Nilikuwa naogopa, Godfrey. Chakula hakipiti. Nilitaka kuona kama kweli utaniacha niaibike.

— Na ningenyamaza?

— Ningeondoka bila kukuaga.

Nililia palepale dukani, sioni haya kusema. Nikamwomba msamaha mpaka maneno yakaniishia. Alinisubiri nimalize.

— Wamenikubali. Naondoka Aprili. Mshenga wako aje kabla ya hapo. Lakini ulichofanya utamwambia mama wewe mwenyewe, leo, kabla hajafuturu.

Alikuwa ameshampigia. Simu ikaita mara mbili, akanikabidhi.

— Haloo, mwanangu, akasema mama. Niambie.